SOMO: Kuunda gitaa la umeme kwa vipande vya magitaa tofauti

Gitaa ninalopigia solo kwenye bendi yetu hapa Dar lina bodi ya Stratocaster ya kuiga, shingo ya Telecaster ya kuiga (zote ni aina za gitaa za Fender, kwa kifupi Strat na Tele), na pikapu mbili, yaani vile vifaa vya sumaku na koili vinavyonasa sauti ya nyuzi, kutoka magitaa mawili tofauti. Shingo ilitoka kwenye gitaa la kwaya lililoanguka jukwaani likapasuka bodi. Bodi nilipewa na kijana ambaye shingo ya gitaa lake ilipinda kwa kuegeshwa muda mrefu kwenye ukuta unaopigwa jua. Wote wawili walikuwa tayari kutupa. Nimeshaulizwa mara nyingi nililinunua wapi, kwa hiyo leo naeleza lilivyoundwa, hatua kwa hatua.

Jambo hili linawezekana kwa sababu Leo Fender, alipoanza kuuza magitaa yake ya aina hii kule California mwaka 1950, aliikaza shingo kwa skrubu nne badala ya kuibandika kwa gundi. Shingo ikiharibika unaifungua na kufunga nyingine. Wengi waliomfuata waliiga vipimo vyake, na hiyo ndiyo bahati yetu. Eric Clapton mwenyewe, yule mpiga gitaa maarufu wa Uingereza, karibu mwaka 1970, alinunua Stratocaster kadhaa za mitumba mjini Nashville, akachukua vipande vizuri vya tatu na kuunda moja aliyoiita Blackie. Mwaka 2004 gitaa hilo liliuzwa mnadani kwa dola 959,500.

Vipande vinakubaliana kwa vipimo. Jina lililoandikwa kichwani halikusaidii kitu. Kabla hujashika drili, shika rula.

HATUA YA 1: Pima skeli

Skeli ni urefu wa uzi unaotetema, kuanzia nati (kile kipande cha mfupa au plastiki kule juu ya shingo) hadi tandiko (kile chuma kidogo ambacho uzi unakikalia kwenye daraja, yaani kifaa kinachoshika nyuzi kwenye bodi). Pima kutoka ukingo wa nati hadi katikati ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyolala kukatiza shingo), kisha zidisha kwa mbili. Shingo za aina ya Fender zitakupa karibu milimita 648. Za aina ya Gibson, kampuni nyingine ya magitaa, huwa karibu 628. Freti zimeshapangwa kwa hesabu ya skeli hiyo na huwezi kuzihamisha, hivyo ni daraja linaloifuata shingo.

Pima pia kitako cha shingo, ile sehemu inayoingia kwenye bodi. Upana wa kawaida wa Fender ni milimita 56, na shimo lake kwenye bodi lina kina cha karibu 16. Hapa nilikutana na kikwazo changu cha kwanza: kitako cha Telecaster kimekatwa mraba mwishoni, wakati shimo la Stratocaster limeviringwa. Ukiiweka shingo pembe zinagonga na haiingii mpaka mwisho. Nilizungusha pembe mbili za kitako kwa tupa na msasa, kidogo kidogo, huku nikijaribu kila mara. Ukiwa na shingo ya Strat na bodi ya Tele, mambo ni mepesi: inaingia yenyewe, unabaki uwazi mdogo pembeni usiodhuru kitu.

HATUA YA 2: Mstari wa katikati, kwa mshipi

Naomba hatua hii muisome mara mbili.

Gitaa langu la kwanza la kuunganisha nilitoboa matundu ya daraja kwa kufuata umbo la bodi, kwa sababu macho yaliniambia pale ndipo katikati. Nilipofunga nyuzi, uzi wa kwanza (ule mwembamba kuliko zote) ulikuwa ukingoni kabisa mwa shingo. Kila nikiuvuta kidogo kwa kidole unadondoka nje. Niliziba matundu sita kwa vijiti vya mninga na gundi, nikasubiri siku mbili, nikaanza upya.

Fanya hivi. Ingiza shingo kwenye shimo bila skrubu na uibane kwa jiriwa, ukiweka kitambaa ili isichubuke. Weka daraja mahali pake bila kutoboa. Chukua mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba, funga mmoja kwenye kikazio cha uzi wa kwanza na mwingine kwenye cha uzi wa sita, pitisha kwenye nati, vuta hadi kwenye matandiko ya pembeni na ubandike kwa selotepu. Sasa una nyuzi mbili za kuigiza. Tazama freti ya mwisho: mshipi wa kulia na wa kushoto uwe na umbali uleule kutoka ukingo wa shingo, karibu milimita 3 kila upande. Kama haulingani, kwanza sukuma shingo kidogo ndani ya shimo lake, mara nyingi ina nafasi ya kucheza. Ikishindikana ndipo usogeze daraja.

Mishipi ikiwa imekaa sawa, pima urefu. Tandiko la uzi wa kwanza liwe milimita 648 kutoka nati, nalo liwe limesogezwa mbele karibu na mwisho wa nafasi yake. Nyuzi nene zitahitaji kurudi nyuma, uzi wa sita hata milimita 3 hivi au zaidi, kwa hiyo acha nafasi hiyo. Weka alama kwa penseli iliyochongwa vizuri. Pima tena. Lala. Pima asubuhi. Ndipo utoboe.

HATUA YA 3: Skrubu za shingo

Shingo nyingi ni mbao ngumu, skrubu bila tundu la kuiongoza inaweza kukatikia ndani. Kwa skrubu ya milimita 4.2 toboa tundu la 3 hadi 3.2, na zungushia selotepu kwenye biti ya drili kuonyesha kina ili usije ukatokea upande wa freti. Paka nta ya mshumaa kwenye skrubu. Kwenye bodi matundu yawe mapana kiasi skrubu ipite bila kung'ata. Inatakiwa ing'ate shingo peke yake, ndipo inaivuta ikabana.

Ukifunga na kukuta nyuzi ziko juu hata baada ya kushusha matandiko yote, weka kabari nyembamba ndani ya shimo, upande ulio karibu na pikapu. Kabari ya nusu milimita tu inabadilisha kimo kule kwenye daraja kwa zaidi ya milimita moja na nusu.

HATUA YA 4: Pikapu ambazo hazijuani

Kwenye daraja niliweka pikapu ya koili mbili, shingoni ya koili moja. Kila moja peke yake ililia vizuri. Nilipoziwasha pamoja sauti ikawa nyembamba, ya puani, besi yote imekwenda. Sababu ni kwamba zilikuwa zinasukumana: moja inapopanda nyingine inashuka, zinafutana.

Usisubiri kufunga ndipo ugundue. Chukua mita ya mafundi redio, ile ya mshale, weka kwenye volti ndogo kabisa za DC, unganisha nyaya mbili za pikapu, gusisha bisibisi juu ya sumaku kisha uivute ghafla. Mshale utaruka upande mmoja. Fanya hivyohivyo kwa pikapu ya pili. Mishale ikiruka upande mmoja, zinapatana. Ikipingana, badilishana nyaya mbili za pikapu moja. Tahadhari ni hii: pikapu yenye kava ya chuma huwa kava limeungwa na waya wa ethi, na ukibadilisha nyaya bila kulitenganisha utapata mngurumo kila ukiligusa.

Kuhusu poti (kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha kuzungusha sauti), koili moja hupendelea kiloomu 250, koili mbili 500. Ukiwapa wote 250, koili mbili inakuwa butu. Ukiwapa 500, koili moja inakuwa kali masikioni. Niliweka poti ya 500 na kuunganisha rezista ya kiloomu 470 kwenye koili moja, kutoka waya wake wa sauti kwenda ethi kabla ya swichi. Hiyo inaifanya ione karibu 240, na koili mbili haiguswi. Rezista yenyewe unaipata kwa fundi redio yeyote.

Poti zina vipimo viwili. Nyingine shingo yake ni milimita 8, nyingine karibu 9.5, kwa hiyo pima tundu la bodi yako kabla ya kwenda dukani.

Unapolehemu, pasha moto kile chuma kwanza, halafu leta risasi iyeyuke juu ya chuma. Risasi ikikaa kama tone la mvua kwenye jani la mgomba, haijashika. Iliyoshika hutandaa na kung'aa. Na usisahau waya wa ethi kutoka mgongo wa poti hadi kwenye chuma cha daraja.

Kabla ya nyuzi, chomeka kwenye ampu, fungua sauti kidogo, gonga kila pikapu kwa bisibisi. Zote zikilia, endelea.

HATUA YA 5: Nati ya mfupa

Mfupa wa mguu wa ng'ombe toka buchani, uchemshe utoke mafuta, uuanike wiki nzima kivulini, kisha ukate kwa msumeno wa chuma. Vaa kitambaa puani, vumbi lake ni baya. Mifereji nilichonga kwa nyuzi kuukuu za gitaa nikizitumia kama msumeno: kila mfereji na uzi wake. Bana uzi kwenye freti ya 3 na utazame juu ya freti ya kwanza: ubaki upenyo wa unene wa karatasi. Usipobaki kabisa umechonga kupita kiasi.

HATUA YA 6: Kulitia sawa

Funga nyuzi na ulitune. Bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya mwisho. Katikati, freti ya 7 au ya 8, upenyo uwe karibu milimita 0.2. Ukizidi, kaza nondo iliyo ndani ya shingo robo mzunguko, kisha subiri. Kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12: milimita 1.5 uzi wa kwanza, 2 uzi wa sita.

Mwisho, linganisha sauti ya uzi ukiugusa tu juu ya freti ya 12 na sauti yake ukiubana hapohapo. Ukibanwa unapanda juu, rudisha tandiko nyuma. Ukishuka, lilete mbele. Kwenye dansi sisi wa solo tunaishi juu ya freti ya 12 wimbo unapochanganya, na chini yetu kuna ridhimu na solo la pili wanapishana nasi noti kwa noti. Gitaa lisilokaa sawa hapo linaharibu kazi ya watu watatu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mombasa): Ndugu yangu, mimi nina shingo ya 628 na bodi ya Strat yenye matundu ya daraja tayari. Nikifunga tu si itakubali?

Jibu: Haitakubali, ndugu. Daraja litakuwa mbali kwa karibu milimita 20, na matandiko hayana safari ndefu hivyo. Kila noti itakuwa chini, na kadiri unavyopanda shingoni inazidi kuharibika. Ama uzibe matundu na ulete daraja mbele, ukijua pikapu pia itabidi ihame, ama utafute shingo ya skeli fupi iliyotengenezwa makusudi kwa bodi za Fender. Hizo zipo, kitako chake kimepangwa ili daraja libaki palepale.

Swali (Mwanza): Mkuu, skrubu mbili za shingo zinazunguka bila kushika. Niweke njiti za kiberiti?

Jibu: Njiti zitashika mwezi mmoja. Panua tundu liwe milimita 6, chonga kijiti cha mbao ngumu kama mninga, kitie gundi ya mbao, kigonge ndani, kikauke siku nzima, kata kisawazishe, toboa upya. Kwa nguvu ya nyuzi sita shingo inahitaji skrubu zote nne.

Swali (Dodoma): Kaka shikamoo. Gitaa letu la kwaya linanguruma, nikishika nyuzi linanyamaza. Waya wa ethi umekatika?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Likinyamaza ukishika nyuzi, ethi ya daraja ni nzima. Mngurumo unaingia kwenye mashimo ya bodi. Fungua kava, tandika karatasi ya aluminiamu au shaba ndani ya mashimo, vipande vyote vigusane, na uviunge kwenye ethi. Hakikisha tu karatasi haigusi waya wa sauti kwenye jeki, gitaa litakuwa bubu. Na kaeni mbali na taa za tyubu.

Swali (Unguja): Mpingo je, bodi nzima ya mpingo itatoa sauti gani?

Jibu: Mpingo ni mzito kiasi kwamba unazama majini. Bodi yake peke yake itazidi kilo nne, na bega lako halitamaliza nusu ya onyesho. Utumie kwa ubao wa freti, hapo hauna mfano, ni mgumu na laini kwa kidole. Kwa bodi tafuta mkangazi mkavu. Mafundi samani wa Keko hubaki na vipande vya kutosha. Uliza umekatwa lini, maana mbao mbichi zitakupindia shimo la shingo.

Swali (Morogoro): Kila nikikaribia maikrofoni napigwa shoti ya midomo. Nimeambiwa nikate ule waya wa ethi wa daraja, ni kweli?

Jibu: Usiukate. Gitaa lako halina umeme wa ukutani ndani yake. Umeme huo unatoka kwenye ampu au mikisa iliyochomekwa kwenye soketi isiyo na ethi. Leo zima kila kitu, usipige. Mwite fundi umeme apime ethi ya soketi zote za ukumbi, kisha ampu na mikisa vyote vichomekwe kwenye laini moja iliyo salama. Na kama kuna mtu alishang'oa pini ya ethi kwenye plagi ya ampu, irudishwe kabla ya mazoezi mengine.