Injini ya kupandikiza haishuki sailensi: fuata hewa kabla hujashika bisibisi

Injini uliyoitoa kwenye gari lingine na kuipandikiza kwenye lako imekaa mahali pake, waya zimeungwa, umepiga stata na imewaka. Furaha inadumu dakika tano. Mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) umesimama kwenye 1,800, umekataa kushuka hata rejeta ikishapata moto. Yaani sailensi, ule mzunguko wa injini wakati hujakanyaga mafuta, iko juu. Ukiweka gea, gari linataka kuondoka lenyewe.

Hapa ndipo wengi hukimbilia ile skurubu ndogo inayozuia kipepeo cha throto, yaani kile kibati kinachofungua na kufunga mlango wa hewa ya injini, kisifunge kabisa. Iache. Imepimwa kiwandani, na kwa injini nyingi haikukusudiwa kurekebishia sailensi. Ukiizungusha sasa, utakuwa na matatizo mawili na hutajua lipi ni lako.

Jambo la kushika ni hili: petroli peke yake haipandishi mzunguko. Lazima hewa iingie, kontroli boksi (kompyuta ya injini) iione, ndipo nozeli zimwage mafuta ya kulingana nayo. Sailensi ikiwa juu, kuna hewa inapita isipotakiwa. Ama kuna tundu, ama kontroli boksi yenyewe imefungua mlango kwa sababu sensa fulani inaidanganya. Kazi yetu ni kujua ni lipi kati ya hayo.

Hatua ya 1: Pasha injini, kisha isikilize

Acha injini iungurume mpaka feni ya rejeta iwake na kuzima mara mbili. Zima AC, taa na redio. Injini nyingi za silinda 4 zikishapata moto hukaa kati ya 650 na 850. Ikiwa baridi, 1,200 hadi 1,500 ni kawaida, kwa hiyo usianze kutafuta ugonjwa kabla ya wakati.

Angalia tabia yake. Imekaa juu bila kuyumba? Au inapanda na kushuka, 1,000, 1,700, 1,000, 1,700, kama mtu anayekanyaga na kuachia mafuta? Hiyo ya pili mara nyingi ni tundu la hewa. Mzunguko unapanda, kontroli boksi inaona kipepeo kimefungwa huku injini ikienda kasi, inakata mafuta. Mzunguko unaanguka, inayarudisha. Hewa ya ziada inaupandisha tena.

Hatua ya 2: Waya wa akselereta

Hii ni rahisi na ndiyo inayoaibisha mafundi. Pedali ni ya gari la zamani, throto ni ya injini mpya, na urefu wa waya haukuwahi kupangiwa hizo mbili. Zima injini, uchomoe waya kwenye throto, uwashe tena. Mzunguko ukishuka, umemaliza: legeza waya mpaka ukiubonyeza kwa kidole ucheze kidogo. Kama gia ni otomatiki, kagua pia ule waya wa pili unaokwenda kwenye giaboksi. Fungua kipepeo kwa mkono na ukiachie; kinatakiwa kifunge kwa mlio wa "ta!", si kwa kusitasita.

Hatua ya 3: Ziba mdomo wa throto

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko mashine yoyote. Toa paipu ya hewa kwenye throto. Kama injini ina sensa ya kupima mtiririko wa hewa, iache paipu na uzibe upande wa chujio, kabla ya sensa. Tumia kipande cha mbao laini au plastiki ngumu, kitambaa kitamezwa. Injini ikiunguruma, ziba mdomo wote.

Ikizima mara moja, hewa ya ziada inapitia kwenye throto yenyewe, yaani kwenye kipepeo au njia za pembeni. Nenda hatua ya 5. Ikiendelea kuunguruma, hata kwa kukohoa, inavuta hewa mahali pengine, na ni lazima upatafute.

Hatua ya 4: Kutafuta tundu

Injini iliyopandikizwa ina matundu ambayo injini ya kiwandani haina, kwa sababu manifoldi, lile bomba linalogawa hewa kwa silinda, ilizaliwa na vichuchu (vibomba vya kuchomekea mipira) vya vitu ambavyo gari lako halina: kopo la mvuke wa petroli, valvu za AC, na kwenye Toyota nyingi za zamani, valvu ndogo ya hewa iliyofungwa kwenye pampu ya usukani yenye mipira miwili. Usipoifunga pampu hiyo, mipira ile inabaki inaning'inia, na mmoja wake unavuta hewa mchana kutwa.

Chukua koleo yenye midomo laini, ubane mpira mmoja baada ya mwingine huku ukitazama mshale. Anza na ule mnene wa busta ya breki, kisha wa valvu ya PCV, inayorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye manifoldi. Unaoushusha mzunguko ndio wa kufuatilia mpaka mwisho wake. Angalizo kuhusu PCV: ikiwa nzima hupitisha hewa kidogo, kwa hiyo kushuka kwa RPM 50 si kosa.

Baada ya mipira, gasketi. Puliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kwenye maungio ya manifoldi, chini ya throto na kwenye ringi za nozeli. Mlio ukibadilika, umefika. Dawa hiyo inawaka kama petroli, kwa hiyo isikaribie ekzosi ya moto wala waya wa plagi unaovuja cheche, na kizima moto kiwe karibu.

Niliwahi kupoteza siku mbili kwenye injini moja nikibadilisha sensa. Kosa lilikuwa kifuniko cha mpira, kikubwa kama kofia ya kalamu, nyuma ya manifoldi upande wa ukuta wa kabini. Kwa juu kilikuwa kizima. Kwa chini kilikuwa na ufa ambao ulijifunga injini ikiwa baridi na kufunguka ikipata moto. Nilikipata kwa kidole, si kwa macho. Tangu hapo kila kichuchu nisichokitumia nakiziba kwa kifuniko kipya na klipu, bila kujali cha zamani kinaonekanaje.

Hatua ya 5: Njia za pembeni za throto

Kuna valvu ya sailensi inayoongozwa kwa umeme. Chomoa plagi yake injini ikiwa na moto. Mzunguko usipobadilika kabisa, valvu imekwama kwa masizi au umeme haufiki. Itoe, uisafishe, na uhakikishe gasketi yake haijakatika.

Halafu kuna ile inayosahaulika: valvu ya nta. Ndani yake kuna nta inayotanuka kwa joto la maji ya rejeta na kufunga njia ya hewa. Maji yasipofika, injini itabaki inajiona baridi milele. Wakati wa kupandikiza, watu huona mipira miwili midogo ya maji chini ya throto, wanaona ni usumbufu, wanaiunganisha pembeni. Irudishe. Kisha utoe hewa kwenye mfumo wa maji, kwa sababu pua ya gari jipya ikiwa chini kuliko injini, povu hukaa juu, palepale kwenye throto. Gusa mpira wa kuingia na wa kutoka. Yote miwili iwe ya moto.

Kwenye Honda nyingi za miaka ya 1990, ukitazama ndani ya mdomo wa throto kuna vitundu viwili. Injini ikiwa na moto, weka kidole kwenye cha chini. Ukisikia kinavuta, valvu ya nta haijafunga.

Hatua ya 6: Sensa zinazodanganya

Sensa ya joto la maji kwanza. Injini nyingi zina mbili: ya waya mmoja kwa ajili ya geji na ya waya mbili kwa ajili ya kontroli boksi. Geji kusoma sawa hakumaanishi kontroli boksi inasoma sawa. Injini ikiwa imelala usiku kucha, soma kwa mashine ya kusomea kontroli boksi: joto la maji na la hewa ya kuingia vikaribiane. Ukiona nyuzi -40, waya umekatika au plagi haijashika.

Sensa ya kipepeo: kikiwa kimefungwa, nyingi hutoa takriban volti 0.5. Ikitoa 0.9, kontroli boksi inaweza kuamini umekanyaga mafuta, nayo haitashughulika na sailensi kabisa. Zile za Toyota zenye swichi ya sailensi ndani, pima kama swichi inafunga.

Mwisho waya. Waya wa ombi la AC, unaoiarifu kontroli boksi kuwa AC imewashwa, ukigusana na umeme utaiambia kontroli boksi ipandishe mzunguko muda wote. Kukosekana kwa ishara ya mwendo kutoka giaboksi hufanya mzunguko uning'inie juu unapoachia mafuta ukiwa barabarani. Athi mbovu ya injini huvuruga sensa zote kwa pamoja, na mimi huongeza waya mnene wa pili kutoka kichwa cha injini hadi bodi bila kusubiri kuombwa.

Kama yote yako sawa, pima taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche, kwa taa yake. Ikiwa mbele kupita kiasi hupandisha sailensi. Fuata utaratibu wa injini yako wa kuizuia kontroli boksi isisogeze taimingi wakati unapima, la sivyo utakuwa unakimbiza kivuli.

Hatua ya 7: Fundisha upya

Chomoa betri, urudishe, uiache injini iungurume bila kukanyaga kitu mpaka feni iwake. Throto za umeme zinahitaji utaratibu wa kujifunza upya, hasa kama umezisafisha. Kisha washa AC: mzunguko utikisike na kukaa. Zima, ushuke. Ukifanya hivyo mara tatu na mshale ukarudi palepale kila mara, funga boneti.