Oda ya nguo ya mbwa: omba kamba, usiulize kilo

Mnaoshona nguo za mbwa na kupokea oda kwa simu, acheni kuuliza "ana kilo ngapi?" Mimi nimeacha baada ya koti langu la kitenge kupanda meli kutoka Mwanza hadi Nansio na kurudi na meli ileile, halijafunga hata kifungo kimoja. Mwambie mteja achukue kamba ya kiatu, mbwa awe amesimama, aizungushe kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, vidole viwili vipite chini yake. Pale kamba inapokutana aweke alama ya kalamu, ailaze kamba kwenye rula ya mtoto wa shule, kipande kwa kipande ikizidi rula, apige picha, akutumie. Futi ya fundi wengi hawana nyumbani. Kamba na rula havikosekani. Kifua ndicho kinachoamua: mbwa wawili wa kilo kumi, mmoja miguu mirefu na mbavu nyembamba, mwingine mfupi kama pipa, hawavai saizi moja hata siku moja. Shingo na mgongo utarekebisha kwa kamba za kufungia, kifua kikibana umeharibu kitambaa. Njia hii inagoma kwa mbwa aliyeketi, kwa kamba inayovutika (uzi wa kufumia, lastiki), na kwa manyoya marefu ambayo watu huyakandamiza; hapo naongeza sentimita tatu. Mtoto wa mbwa ndiye mbaya zaidi. Ukichelewa wiki tatu, kipimo kimeshakufa, kwa hiyo apimwe tena siku unayokata.