Kutunza Maji Yanayoanzia Kwetu: Mwongozo kwa Kaya na Wafanyabiashara wa Nyanda za Juu Kusini

Mkazi wa Mbeya, Iringa au Njombe anayetaka matendo yake ya kila siku yawafae watu wengi hana haja ya kutafuta mbali, kwa sababu maji yanayotoka katika vilima vyetu yanategemewa na watu wasiowahi kufika huku. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera huteremkia bonde la Usangu, maji yake hutuama katika ardhioevu ya Ihefu, kisha hutoka yakiwa Ruaha Mkuu, mto unaopita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kuyafikia mabwawa ya Mtera na Kidatu, yenye mitambo ya umeme ya megawati 80 na 204. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikatika ndani ya hifadhi nyakati za kiangazi, na viboko na samaki wakabanwa katika madimbwi machache. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye chemchemi, na huko ndiko utakakokaa zaidi.

Ikiwa shamba lako linapakana na chemchemi au kijito, pima mita 60 kutoka ukingo wa maji na uweke alama kwa vigingi au mawe, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani ya umbali huo shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kuharibu chanzo cha maji. Najua vizuri kwamba vinyungu, yaani bustani za mabondeni, ndivyo vinavyolisha familia nyingi wakati wa kiangazi, na si haki kumwambia mama anayetegemea mboga za bondeni aache tu bila kumwonyesha njia nyingine. Njia iliyopo ni kuyahamishia matuta nje ya mpaka ule, kuyafunika kwa matandazo mazito ya nyasi au mabua ili udongo ushike unyevu, na kumwagilia kwa ndoo jioni, jua likiwa limepungua makali. Kazi itaongezeka, hilo lisifichwe, lakini kinyungu kilicholimwa juu ya jicho la chemchemi hatimaye hukausha maji yale yale yanayokilisha.

Milingoti (mikaratusi) iliyopandwa karibu na maji iondolewe, ila isikatwe yote kwa mkupuo mmoja, maana mvua za kwanza zitausomba udongo uliobaki wazi. Panda kwanza mivengi, miti ya asili ipendayo maji, katikati yake mvua zinapokuwa zimekolea, mwezi Desemba au Januari, kisha punguza milingoti kidogo kidogo kadiri mivengi inavyoshika. Mbegu za mivengi hazihifadhiki: zikikauka hupoteza uwezo wa kuota, hivyo okota matunda yaliyoiva, yamenye na kuotesha mbegu mara moja kitaluni. Kisiki cha mlingoti huchipua tena kisipodhibitiwa, kwa hiyo kibandue gome lote hadi usawa wa ardhi na uendelee kuyakata machipukizi kila yanapojitokeza. Simwambii mtu auchukie mlingoti, kwa kuwa umejenga nyumba na kusomesha watoto wengi. Mahali pake ni kwenye miinuko mikavu iliyo mbali na vyanzo vya maji.

Jambo la pili kwa uzito ni moto. Kiangazi kinapofikia Septemba na Oktoba, cheche moja kutoka shamba linalosafishwa inaweza kuteketeza misindano (misonobari) ya jirani iliyotunzwa kwa miaka mingi, na wakazi wa Mufindi waishio karibu na msitu wa Sao Hill wanaijua hasara hiyo. Jambo bora ni kutochoma kabisa, bali kuyalaza mabua shambani yaoze au kuyachanganya na samadi yawe mboji. Anayelazimika kuchoma apate kwanza ruhusa ya uongozi wa kijiji, awajulishe majirani, alime kinga moto hadi udongo uonekane kulizunguka eneo lote, achome asubuhi na mapema upepo ukiwa umetulia, na asiondoke hadi majivu yapoe. Warina asali nao watumie bomba la moshi badala ya mienge, kwani kijinga cha moto kinachodondoka kwenye nyasi kavu hakihitaji msaada wa mtu kuenea.

Jikoni mambo ni mepesi zaidi. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi, sufuria iliyofunikwa hutumia mkaa kidogo, na kuni zilizokaushwa vizuri katika jiko banifu hutoa joto zaidi na moshi kidogo kuliko kuni mbichi kwenye mafiga. Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa kufikia Januari 2024. Mama lishe wa Mwanjelwa jijini Mbeya hakuguswa na agizo hilo, lakini akiwa na mtungi wa gesi kwa mapishi ya haraka na jiko banifu kwa maharage, ataona nafuu kwenye gharama zake na kwenye mapafu yake.

Wakulima wa biashara wana nafasi kubwa kuliko wanavyodhani. Katika mashamba ya mpunga ya Mbarali, kilimo shadidi kinamtaka mkulima ahamishe miche ikiwa na umri wa siku 8 hadi 12, apande mche mmoja mmoja kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na aache udongo ulowe na kukauka kwa zamu badala ya kuyatuamisha maji msimu mzima. Maji anayoyaokoa hubaki mtoni kwa ajili ya walio chini. Wakulima wa nyanya wa Ilula na wa viazi wa Njombe wasioshee mabomba ya kupulizia dawa kijitoni. Chupa ya dawa ikiisha isuuzwe mara tatu, maji ya kila msuuzo yamiminwe ndani ya bomba na kupuliziwa shambani, kisha chupa itobolewe ili asitokee mtu wa kuitumia kuwekea mafuta ya kula.

Mwenye sehemu ya kuoshea magari aihamishe kutoka ukingoni mwa mto, achimbe shimo la changarawe la kupokea maji machafu, na oili chafu aikusanye kwenye pipa lenye mfuniko. Wenye viwanda vya mbao Mafinga wasirundike maranda mabondeni, kwa sababu yakioza ndani ya maji hula hewa inayohitajiwa na samaki, ilhali wafugaji wa kuku wanayatafuta kwa ajili ya kutandika mabandani. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na mwenye duka anayemkumbusha mteja aje na kikapu chake anatimiza sheria bila gharama yoyote. Kwa wale wanaonunua viazi vya okidi vinavyochimbwa Kitulo na kuuzwa Zambia kwa ajili ya chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa viazi hivyo, ushauri wangu ni mmoja tu: acheni biashara hiyo, kwa maana anayeng'oa kiazi ameua mmea mzima, na uwanda ule ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa sababu ya maua hayo.

Mwisho, pimeni. Chagueni chemchemi moja ya kitongoji, elekezeni maji yake yote kwenye bomba fupi au ubao wa mfereji, wekeni chini yake ndoo ya lita 20, na hesabuni kwa saa ya simu sekunde zinazopita hadi ijae. Fanyeni hivyo kila mwaka katika juma lile lile la Oktoba, kabla mvua hazijaanza, mwandike tarehe na sekunde katika daftari linalotunzwa na mwenyekiti wa kitongoji. Daftari hilo lisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, na ndoo ikionekana kuchelewa kujaa mwaka hadi mwaka, mkutano huo huo ndio wenye nafasi ya kujadili sheria ndogo ya kulinda mita zile 60 na kukubaliana nani atasimamia mpaka huo.