Somo: Kupima mwitikio wa masafa wa redio yako ukiwa sebuleni

Spika zilizopimwa kiwandani zikatoa mchoro wa mstari ulionyooka, yaani sauti za chini na za juu kwa nguvu sawa, hazitautoa mstari huo sebuleni kwako Sinza au Tabata, kwa sababu chini ya takriban hezi 250 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), yaani kwenye besi, chumba kina usemi mkubwa kuliko spika yenyewe. Somo hili linaeleza namna ya kupima mwitikio wa masafa, yaani nguvu ya kila sauti, ya chini hadi ya juu, inayofika pale unapokaa kusikiliza, ili usiende Kariakoo kutafuta sabufa nyingine wakati tatizo lako ni mahali ulipoweka sofa.

Vifaa ni vichache: kompyuta mpakato, programu ya Room EQ Wizard, ambayo wengi huiita REW na hupakuliwa bure, maikrofoni ya kupimia, stendi yake, na futi ya fundi. Mimi natumia UMIK-1 ya miniDSP, inayochomekwa moja kwa moja kwenye tundu la USB. Kila maikrofoni ya aina hiyo ina namba yake, na kwa namba hiyo unapakua faili la urekebishaji linaloiambia programu makosa ya maikrofoni hiyo hiyo, wala si ya mwenzake. Maikrofoni ya kuimbia, ile ya harusini, haifai kwa kazi hii kwa kuwa imetengenezwa kupendelea sauti ya mtu na kupunguza besi.

Hatua ya kwanza ni kutafuta ukimya. Zima kiyoyozi, zima friji kama iko karibu, na zaidi ya yote zima pangaboi, kwa sababu upepo unaopita juu ya maikrofoni huonekana kwenye mchoro kama besi ambayo haipo. Ndiyo, utatokwa jasho. Jumapili saa tatu asubuhi kwangu ndio wakati mzuri, kwani usiku wa manane kuna utulivu zaidi lakini majirani hawatakuelewa.

Hatua ya pili, simamisha maikrofoni pale kichwa chako kinapokuwa ukikaa, kwa kimo cha masikio, wewe mwenyewe ukiwa umeondoka kwenye kiti. Ielekeze juu darini na utumie faili la urekebishaji lililoandikwa nyuzi 90. Ukiielekeza kwenye spika, tumia lile la nyuzi 0. Kukosea hapa huharibu usomaji wa sauti za juu, ingawa besi haitabadilika.

Hatua ya tatu ndiyo iliyonipotezea Jumamosi nzima. Nilipopima mara ya kwanza niliona kilima kwenye mchoro, yaani sauti iliyozidi, karibu na hezi 60, nikahamisha spika mara sita, na kilima hakikusogea hata kidogo. Jioni ndipo nilipogundua kwamba kompyuta yangu ilikuwa na kipengele cha kunogesha sauti kilichokuwa kikiongeza besi kabla sauti haijatoka kwenda kwenye amplifaya. Kilima cha chumba hubadilika unapohamisha spika au kiti. Kisichobadilika kabisa kinatoka kwenye mitambo. Kwa hiyo zima vipengele vyote vya aina hiyo, weka vitufe vya besi na trebo vya amplifaya katikati, na iache kompyuta itumie betri ili mngurumo wa umeme usiingie kwenye waya.

Hatua ya nne ni kupima kwenyewe. Anza na sauti ndogo, kisha panda taratibu hadi programu isome takriban desibeli 75 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye kiti. Sasa iamuru icheze mlio unaopanda kutoka hezi 20 hadi hezi 20,000, ambao kwa urefu wa kawaida wa REW huchukua kama sekunde tano na nusu. Pima spika ya kushoto peke yake, ya kulia peke yake, halafu zote mbili. Kwangu, mlio ulipokuwa bado kwenye besi, vioo vya kabati la vyombo vilianza kutetemeka, na mtetemo huo nao huingia kwenye kipimo. Niliviegemeza kwa vipande vya sponji nikarudia.

Sasa usomaji wa mchoro, ambao ndio kiini cha kazi. Chini ya hezi 250 tazama mchoro bila kuulainisha, na juu ya hapo ulainishe kwa moja ya sita ya oktava, la sivyo utatishwa na meno ya msumeno ambayo sikio halijali. Sebule yangu ina urefu wa meta 4.2, kuta za tofali zilizopigwa lipu na sakafu ya vigae. Ukigawa kasi ya sauti kwa mara mbili ya urefu wa chumba unapata sauti ya chini kabisa ambayo kuta mbili zinazotazamana kwenye ncha za urefu huo zitaikuza. Vitabu vingi huandika kasi ya meta 343 kwa sekunde, lakini hiyo ni ya chumba chenye joto la nyuzi 20. Kwa nyuzi 30 za Dar es Salaam ni kama 349. Hesabu hiyo inanipa hezi 41.5, na kwenye mchoro kilima kilisimama karibu kabisa na hapo, kwa sababu sofa lilikuwa limegusa ukuta wa nyuma, mahali ambapo besi hurundikana.

Bonde, yaani sauti iliyopungua, nililoliona kwenye hezi 97 lilikuwa na chanzo kingine. Uso wa spika ulikuwa sentimita 90 kutoka ukuta ulio nyuma ya spika, ambayo ni robo ya wimbi la sauti hiyo, kwa hiyo mwangwi wa ukuta ulirudi ukiwa kinyume na sauti ya mbele na kuimeza. Nilisogeza spika karibu na ukuta, nikalivuta sofa mbele hadi masikio yakawa meta 1.6 kutoka ukuta wa nyuma, nikapima tena. Mchoro haukunyooka, lakini kilima kilipungua sana na bonde likahama kwenda juu, ambako halikuwa na kina kama mwanzo.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, shikamoo. Je, ninaweza kutumia simu badala ya maikrofoni ya kupimia?

Marahaba. Kwa kulinganisha spika ya kushoto na ya kulia katika sauti za kati, inaweza kukupa picha. Kwa besi usiiamini, kwani simu nyingi hukata sauti za chini na kupunguza kelele zenyewe bila kukuuliza.

Kaka, nina bonde kwenye hezi 70. Nimeongeza desibeli 10 kwenye ekwalaiza, na mchoro umebaki vilevile. Nimekosea wapi?

Hukukosea kupima, ndugu yangu. Hapo mawimbi mawili yanafutana, na ukiongeza moja umeongeza na la pili. Isitoshe, desibeli 10 ni nguvu mara kumi: amplifaya iliyokuwa ikitoa wati 20 sasa inadaiwa 200. Rudisha ekwalaiza ilipokuwa, usogeze kiti hata sentimita 30, upime tena. Ekwalaiza itumie kupunguza vilima tu.

Trei za mayai ukutani zitasaidia kupunguza besi?

Hazitasaidia. Wimbi la hezi 42 lina urefu wa zaidi ya meta 8, wala haliioni kabisa trei ya karatasi. Tena hushika moto upesi. Pazia zito litapunguza ukali wa sauti za juu. Godoro la inchi sita lililosimamishwa kwenye kona hugusa sauti za kati, kuanzia hezi mia kadhaa kwenda juu, na mwenye nyumba akikuuliza linafanya nini sebuleni, muoneshe michoro miwili, wa kabla na wa baada.