Bwawa la Asili Uani: Kulichimba, Kulipanda na Kuliacha Litulie

Bwawa la mapambo huanza vizuri. Ukuta wa zege, vigae vya bluu, chemchemi katikati, samaki sita wekundu wa mapambo, koi, wanazunguka. Miezi minne baadaye maji yamekuwa kama mchuzi wa mchicha, pampu imezimwa kwa sababu uniti zinaisha haraka, na mbu wamepata makao. Aliyelijenga hakukosea kazi. Bwawa la namna hiyo haliwezi kuishi bila umeme. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Ndani ya chujio kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, na bakteria hao wanataka maji yenye oksijeni yapite juu yao usiku na mchana. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa wanaanza kufa mlemle ndani, na ukirudi, pampu inasukuma uozo huo kwenye bwawa. Pampu ya wati 100 isiyozimwa hula uniti 2.4 kwa siku, yaani 72 kwa mwezi.

Bwawa la asili lina bakteria walewale, ila wao wanakaa kwenye mizizi, kokoto na tope la chini, na nitrati inayobaki inaliwa na mimea. Halina swichi. Linachotaka ni kingo za mteremko, vina tofauti, mimea mingi na samaki wachache. Kama unachotamani hasa ni koi, jenga bwawa la koi kamili: kina cha mita 1.2 au zaidi, lita 1,000 kwa kila samaki, chujio na umeme wa akiba. Usimtie koi kwenye bwawa la asili. Akikua hufikia sentimita 60, na kazi yake ni kufukua mizizi kutafuta chakula. Utapanda leo, kesho mimea inaelea.

Mahali na udongo

Tafuta sehemu inayopata jua saa tano au sita kwa siku, maana mayungiyungi hayachanui kivulini. Kaa mbali na mwembe na miti mingine inayomwaga majani mengi. Watu wengi huchagua pale chini kabisa uwanjani, ambapo maji ya mvua hukusanyika yenyewe. Hilo ni kosa. Maji hayo huja na mbolea ya bustani, kinyesi cha kuku na sabuni ya kufulia, na vyote hivyo ni chakula cha mwani, ule unaogeuza maji kuwa kijani. Chimba sehemu iliyoinuka kidogo, na angalau mita 15 kutoka shimo la choo.

Kisha pima udongo. Chimbua udongo wa kina cha nusu mita, uloweshe, uviringishe uwe mwembamba kama penseli, halafu upinde uwe pete. Usipopasuka, una mfinyanzi wa kutosha. Hakikisha kwa shimo dogo la sentimita 60: lijaze jioni, lijaze tena asubuhi udongo ukiwa umekwisha kunywa, na upime baada ya saa 24. Maji yakiwa yameshuka pungufu ya sentimita tatu, unaweza kujenga bila plastiki. Kwenye mchanga wa pwani usijisumbue na jaribio hili, nunua karatasi ya plastiki ya kutandikia. Udongo mweusi wa mbuga unashika maji vizuri sana, lakini ukikauka mara moja tu hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na nyufa hizo hazizibiki kirahisi.

Kuchimba

Hesabu zinazofuata ni za bwawa la umbo la yai, urefu mita 4, upana mita 3, na kina cha juu sentimita 90. Litabeba takriban lita 5,000. Bwawa dogo zaidi ya hapo hupata joto kali mchana na kupoa usiku, na viumbe wake huteseka.

Chora umbo kwa mpira wa maji uliolazwa chini, zungushia vigingi, kisha linganisha vichwa vya vigingi vyote kwa mpira mwangavu uliojazwa maji, ule mafundi wanaopimia usawa wa msingi. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Ukingo ukitofautiana kwa sentimita tano, upande mmoja maji yatamwagika na upande wa pili plastiki itabaki uchi ikichomwa na jua maisha yake yote.

Kata ngazi ya kwanza yenye kina cha sentimita 20 na upana wa sentimita 40. Ya pili ishuke hadi sentimita 45. Katikati ndiko kwenye sentimita 90. Upande mmoja usiwe na ngazi kabisa: uwe ufuko wa kushuka polepole, sentimita 30 kwa kila mita moja ya kwenda mbele. Huko ndiko chura atakakopanda, ndege atakakooga, na kifaranga aliyetumbukia atakakotokea. Bwawa la kuta wima linaua kimyakimya. Asubuhi unakuta kalunguyeye ameelea.

Udongo wa juu wenye rutuba upeleke kwenye mboga. Usirudi bwawani hata koleo moja.

Kama unajenga kwa mfinyanzi, chimba sentimita 30 zaidi kila upande, kisha rudisha mfinyanzi kwa tabaka za sentimita 10. Kila tabaka ilowe na ishindiliwe mpaka isionyeshe ufa wala alama ya bonge. Funika kwa magunia mabichi kila unapopumzika, na siku ya kumaliza ndiyo siku ya kujaza maji.

Kama ni plastiki, tafuta karatasi ya mabwawa yenye unene wa milimita 0.75 au 1. Nailoni nyeusi ya ujenzi ni rahisi, lakini jua huikausha ikavunjika kama jani. Vipimo: urefu wa bwawa, jumlisha kina mara mbili, jumlisha sentimita 60 za kingo. Hapa ni 4 + 1.8 + 0.6, yaani mita 6.4, na kwa upana mita 5.4. Ng'oa mizizi na mawe makali, tandaza mchanga laini sentimita tano, juu yake zulia kuukuu au viroba, ndipo ulaze karatasi. Anza kujaza maji huku ukinyoosha mikunjo. Usikate kingo mpaka bwawa lijae na kutulia siku nzima, maana uzito wa maji utaivuta karatasi chini.

Mwisho wa karatasi uusimamishe wima nyuma ya mawe ya ukingo, usiulaze ukaguswa na udongo wa nje. Udongo mkavu hunyonya maji kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta, na bwawa zima linaweza kushuka usiku kwa usiku bila tundu lolote. Juu ya karatasi, kwenye ngazi, weka sentimita 10 za mchanga wa mto uliooshwa na kokoto. Sehemu moja ya ukingo tegesha bomba la inchi tatu la kutolea maji ya masika, lielekee bustanini.

Maji na mimea

Maji ya mvua kutoka kwenye bati ndiyo bora. Mvua ya kwanza iache ioshe vumbi kwanza. Ya bomba yakae siku mbili klorini ipungue. Kisima cha pwani kionje kabla: maji yakiwa na ladha ya chumvi, mayungiyungi yataoza.

Lengo ni kufunika nusu ya uso wa maji au zaidi kidogo. Kwa bwawa hili panda mayungiyungi matatu, kila moja kwenye karai la lita 15 hadi 20 lenye udongo mzito wa chini usio na samadi, juu yake kokoto sentimita tatu ili udongo usielee. Yaanze kwenye ngazi ya pili, na yakishatoa majani mapya matano au sita yashushe kilindini. Mafunjo mashina mawili, nayo kwenye makarai, ngazi ya kwanza. Hapo ndipo mnana atakapokuja kusuka kiota. Mimea ya kuzama, hasa ile ya Ceratophyllum yenye majani kama mkia wa paka, weka vifungu vinne kwa kila mita ya mraba, jumla kama 40. Haionekani na haina ua la kuvutia, lakini ndiyo inayonyang'anya mwani chakula, hivyo usiipunguze kwa kubana matumizi.

Matete usipande kwenye bwawa dogo, mizizi yake ina ncha na hutoboa karatasi. Magugu maji usiyalete kabisa, hata kama jirani anakupa bure kwa sababu ya ua lake la zambarau. Yaliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo hufunga mialo. Kipande kimoja kikichukuliwa na maji ya mvua hadi mtoni kinatosha kuanzisha balaa.

Mimea iliyotoka mtoni au ziwani isuuze jani kwa jani na uiweke kwenye beseni peke yake wiki mbili. Geuza majani utazame chini yake: mayai ya konokono ni utando laini kama ute, wenye vitone ndani. Ukwangue. Konokono wa aina fulani ndio wanaobeba kichocho. Vimelea vilivyokwisha kumtoka konokono haviishi majini zaidi ya siku mbili hivi, lakini konokono mwenyewe ukimleta hai anaendelea kuvitoa.

Wiki za kijani

Kati ya wiki ya pili na ya sita maji yatageuka kijani. Hapa ndipo mabwawa mengi ya asili yanapouawa na wenyewe. Mtu anaona aibu, anayamwaga yote, anasugua kwa brashi, anajaza upya. Kwa kufanya hivyo ametupa bakteria na wadudu wote, na ameleta maji mapya yenye virutubisho vipya; ukijani unarudi, tena mzito zaidi. Acha. Mimea ikishika mizizi, mwani utakosa chakula na maji yatakuwa angavu yenye rangi ya chai hafifu, ambayo ndiyo rangi yake halali. Mwani wa nyuzi uzungushe kwenye fimbo uutoe, uuache ukingoni usiku mmoja ili wadudu waliomo warudi majini.

Mbu

Hofu hii ni ya haki na ina jibu. Kwenye joto, mbu hutoka yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 14. Wiki mbili za mwanzo, kabla maadui zake hawajafika, ndizo za hatari. Tumia dawa ya kibaiolojia ya bakteria aitwaye Bti, inayoua viluwiluwi vya mbu bila kudhuru samaki wala chura. Kiwanda cha Kibaha, mkoani Pwani, hutengeneza viuadudu vya aina hii. Fuata kipimo cha kifungashio, na rudia inavyoelekezwa.

Kagua mwenyewe kila wiki. Chukua bakuli jeupe, chota maji pembeni kwenye mimea, kisha tulia nusu dakika. Kiluwiluwi cha mbu wa malaria hulala bapa sambamba na uso wa maji. Kile cha mbu wa kawaida wa usiku, Culex, huning'inia kichwa chini, kimeinama. Ukiona pia mdudu mpana mwenye rangi ya tope, miguu sita, anayetambaa chini ya bakuli, huyo ni mtoto wa kereng'ende, na yeye anakula viluwiluwi kutwa. Hanunuliwi popote. Kereng'ende huja wenyewe wakiona maji yenye mimea iliyosimama.

Samaki waingie baada ya wiki sita: perege wachanga 10, wa sentimita tatu hadi tano. Wakikua huchimba viota na kuzaliana, hivyo wavue, wapike, uweke wachanga wengine. Usiwalishe kabisa. Kila punje ya chakula unayotupa ni mbolea ya mwani, na samaki aliyeshiba hana haja na kiluwiluwi. Asili yenyewe haikuacha hata dimbwi la msimu bila mlinzi: kisiwani Unguja kuna samaki mdogo, Nothobranchius guentheri, ambaye mayai yake hulala kwenye tope kavu kiangazi chote na kuanguliwa mvua zikirudi.

Yakiharibika

Samaki wakihema juu ya maji alfajiri, oksijeni imekwisha, kwa sababu usiku mimea na mwani navyo huitumia. Punguza samaki na utoe majani yaliyooza.

Maji yakishuka, usikimbilie kulaumu tundu. Bwawa hili lina uso wa kama mita za mraba 9.4, na jua linalokausha milimita tano kwa siku huondoa karibu lita 47, ndoo mbili na kitu. Ukiwa na shaka, simamisha ndoo iliyojaa kwenye ngazi ya kwanza, weka alama ndani na nje, na utazame baada ya siku mbili. Bwawa likishuka kuliko ndoo, kwanza kagua ukingo kama karatasi imegusa udongo, kisha acha maji yashuke yenyewe; yatakapokoma, tundu liko kwenye mstari huo.

Mara moja kwa mwaka punguza theluthi ya mimea, na tope la upande mmoja tu. Mwakani upande mwingine. Nyasi za mita moja kuzunguka bwawa zikatwe fupi, maana penye vyura nyoka hupita, na ni vizuri aonekane. Penye watoto wadogo weka uzio wa mita 1.2 wenye lango la kujifunga. Ufuko wa mteremko husaidia, lakini mtoto anaweza kuzama hata kwenye maji ya kina kifupi.

Kama tayari una bwawa la zege, huhitaji kulivunja. Panga mawe kutoka chini kwenda juu upande mmoja kutengeneza ngazi na njia ya kutokea. Zege jipya hutoa chokaa inayounguza samaki na mimea, kwa hiyo lijaze, likae wiki, limwage, mara tatu. Koi mpe mwenye bwawa lake, zima pampu, panda, na uhesabu wiki sita kuanzia siku hiyo.