Kabla hujajaza fomu ya ada ya mkazi kwa kupitia ndoa, huku North Carolina

Naandika hii kwa wale mnaokuja kumfuata mume au mke North Carolina na mnataka kurudi shule kwa ile ada nafuu anayolipa mkazi wa jimbo, kwa sababu mimi nililipia ujinga wangu dola 1,728 na sipendi mwingine azilipe.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kwenye vile vyuo vya jamii (community college) 58 vya jimbo, mkazi analipa dola 76 kwa krediti moja, asiye mkazi 268. Mimi nilichukua madarasa matatu, krediti tisa, ningelipa 684, nikalipa 2,412. Na hapo ni chuo cha bei poa, ukienda chuo kikuu cha jimbo cha Chapel Hill tofauti ni makumi ya maelfu kwa mwaka.

Sasa ilikuwaje. Nilifika Raleigh mwezi wa tano, mume wangu yuko hapa miaka saba, nikajiambia mimi ni mke wa mkazi basi kazi imeisha. Nikajaza fomu ya jimbo inayoamua nani ni mkazi, usiku mtoto amelala, simu mkononi, wakauliza umeanza kuishi hapa lini nikaweka tarehe yangu ya juzi juzi, kufika sehemu ya mwenzi wako nikairuka maana namba ya leseni yake sikuwa nayo na mwenyewe katoka shifti ya usiku sikutaka kumuamsha. Jibu likaja, si mkazi. Haki yao, nilichowaambia ndicho walichosoma.

Kitu cha kwanza kuelewa ni kwamba sheria ya jimbo inataka uwe mkazi kwa miezi 12 kabla ya kuamuliwa, na ndoa inakuruhusu kuazima muda wa mwenzako. Muda tu! Ukazi wenyewe hakupi, huo unautengeneza wewe kwa vitendo vyako. Na hamuwezi kuchanga, yaani yeye ana miezi saba wewe una mitano mkajumlisha ikawa 12, hapana, lazima mmoja wenu awe nayo yote 12 peke yake.

Kwa hiyo kabla hata hujajichunguza wewe mchunguze kwanza mwenzako, tena bila aibu. Nawajua watu wanaendesha matroki, nyumba iko Charlotte lakini leseni ya jimbo lingine, gari limesajiliwa kwa binamu Texas, kodi ya mwaka jana kafaili alikokuwa anaishi zamani. Mtu kama huyo atakuapia kaishi hapa miaka mitatu na ni kweli, ila makaratasi yake yanasema vingine, na wewe unataka kuazima muda kwa mtu ambaye kwenye karatasi hana. Mwambie abadilishe leseni na usajili wa gari, afaili kodi ya jimbo hapa, halafu mhesabu upya.

Wewe sasa. Ukishatua tu tafuta kitambulisho au leseni ya hapa, na usisubiri maana apointimenti za DMV, ile ofisi ya leseni na magari, zinajaa wiki na wiki. Jina lako liingie kwenye mkataba wa nyumba, kwenye bili ya umeme au maji, kwenye akaunti ya benki. Mimi kila kitu kilikuwa jina la mzee, kwenye karatasi nilikuwa kama mgeni wa wikiendi. Ukipata kazi weka stabu za malipo, vile vikaratasi vya mshahara. Halafu pale DMV wanaweza kukuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura, kama una grinikadi tu sema HAPANA, kura ni ya raia, na kosa hilo linaweza kukuharibia mambo yote ya uhamiaji, ada itakuwa kitu kidogo.

Upande wa viza ndio unaamua kama hata unaruhusiwa kuomba. Aliyekuja kama mke au mume akapata grinikadi, aliyeshinda bahati nasibu ya viza, mkimbizi (ndugu zetu wengi Wakongo wa Greensboro na Durham wako kundi hili), hawa njia iko wazi. Mwenye F-1, viza ya mwanafunzi, kwa kawaida hapana, viza yenyewe inasema umekuja kusoma uondoke. Na kama grinikadi haijafika kwa posta usikae unasubiri, viza ya uhamiaji kwenye pasipoti ikishagongwa muhuri uwanja wa ndege inatumika kama ushahidi kwa mwaka mmoja.

Cheti cha ndoa kiwe tayari, kikiwa cha Kiswahili kitafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri aweke sahihi yake. Angalia na majina, sisi cheti kina majina matatu, pasipoti mawili, leseni wamebandika la babu kama ukoo, rekebisha mapema.

Mwenzako akiwa jeshini, yuko Fort Bragg au Camp Lejeune, kuna sheria nyingine kabisa ambayo haitaki hiyo miezi 12, uliza kwa njia hiyo kwanza.

Fomu yenyewe haiamuliwi na chuo, inaamuliwa na Residency Determination Service, watu wanaiita RDS, ni onlaini na ni bure. Jaza mkiwa wawili mezani, mchana, na tarehe zake zote: alihamia lini, leseni lini, mmeoana lini. Ukikosea kama mimi unaweza kuomba waangalie upya, mimi niliomba nikakubaliwa, ila kwa muhula uliofuata, ule wa kwanza hela haikurudi.

Ukipewa ile namba ya RCN, yaani namba ya uthibitisho wa ukazi kutoka RDS, hakikisha chuo wanayo. Fomu yangu ilikuwa imekubaliwa lakini bili bado inasoma 268, kumbe namba kwenye maombi ya chuo ilikosewa tarakimu moja.