Namna ya Kukagua na Kusafisha Kijaluba cha Kale cha Nyuzi za Fedha

Vijaluba vya tambuu vya nyuzi za fedha, kama vile vya Batavia, mji ulioanzishwa 1619 ukawa makao makuu ya Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki katika Asia, au vya Cuttack nchini India, ambako ufundi huo huitwa tarakasi, huharibiwa zaidi na bidii ya wanaovisafisha kuliko na umri. Kwa hiyo kabla ya kuleta maji, kaa na kijaluba chako dirishani ukiwa na lenzi ya kukuzia.

Fundi alisokota nyuzi mbili nyembamba, akazigonga zikawa bapa, akazipinda na kuzijaza ndani ya fremu ya waya mnene zaidi, kisha akalehemu. Ukitazama ukingo wa uzi utaona meno madogo ya msokoto huo. Yakiwa yamefifia na vitundu vimezibika, yaelekea kitu kilimiminwa kwenye kalibu. Kukosa mhuri hakumaanishi ni cha bandia. Tone la kijivu lisilong'aa kwenye kiungo ndilo la kutilia shaka, kwa kuwa mara nyingi ni lehemu ya risasi ya matengenezo ya baadaye, na sonara akipasha moto hapo risasi hiyo huila fedha.

Usivae glovu za pamba, ingawa wengi huzisifu, maana nyuzi zake hunasa kwenye ncha za waya na kuzing'oa. Za nitrili, zile nyembamba za hospitalini, zinafaa. Usitumie dawa ya meno wala dawa ya kung'arishia ya uji, kwani huganda vitunduni ikawa unga mweupe usiotoka. Ukikuta weupe ndani ya kikopo cha chokaa iliyoliwa na tambuu, uache: ni alama ya mtumiaji wa zamani.

Kama hakuna mbao wala kitambaa ndani, osha kwa maji vuguvugu yaliyotoneshwa (yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke) yenye tone la sabuni isiyo kali, ukigusa kwa brashi laini bila kusugua, kisha suuza mara mbili na ukaushe kwa hewa baridi. Weusi uliobaki kwenye mashimo uache, kwani ndio unaoidhihirisha nakshi ya nyuzi.

Kihifadhi ndani ya karatasi isiyo na asidi, mbali na sufu na mpira, kwa sababu salfa iliyomo ndiyo huiletea fedha weusi.